Kushoto kwa Dereva

Tarehe 9 Novemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na ya pili, maana ile ya mwezi uliopita najua bado unaihesabu. Mimi sijambo, mwili una nguvu na meno yote yapo. Goti lako linaendeleaje? Na ile cherehani kubwa, imeacha kula uzi? Bibi mwambie nimepata ujumbe wake kwamba nimekonda kwenye picha. Mwambie ni picha ndiyo iliyokonda.

Unauliza habari za ofisini. Ofisi ni ndogo lakini iko juu, Shangazi, naona mbali. Nina dirisha kubwa mbele na mengine mawili ubavuni, na kiti changu kinapanda na kushuka nikitaka. Kazi yenyewe ni ya kukaa kutwa nzima. Jioni mgongo unaniuma, hasa siku za mashimo. Mashimo ya kazi, namaanisha, kila kazi ina mashimo yake.

Sasa nina swali dogo, dogo kabisa. Hapa ofisini niliona duka lako limeandikwa kwenye hati ya mzigo: marobota kumi na mawili ya kitambaa cha kijani cha sare za shule, kutoka kiwandani. Nikafurahi. Kisha nikasikia lori lililoyabeba limekata ekseli njiani. Usishtuke, hakuna aliyeumia. Nasikia dereva alikuwa mtu hodari sana. Alisikia chuma kinalia kwenye mlima, akaliweka lori pembeni kabla lenyewe halijaamua, akatia mawe kwenye magurudumu, akakata matawi akayatandaza barabarani mbele na nyuma ili wenye mbio wamwone, akapiga simu aletewe gari jingine. Wingu lilikuwa limeshakaa utosini. Lori la pili lilipofika walilirudisha nyuma taratibu mpaka yakagusana mkia kwa mkia, milango ikafunguliwa, na vibarua wanane kutoka machimbo ya kokoto ya jirani wakafaulisha mzigo wote kwa mikono. Kila robota lilitoka ndani ya lori hili likaingia ndani ya lile bila kugusa tope. Mvua ilipiga, vile vibandiko vya karatasi vikalowa vikadondoka, lakini dereva alikuwa amepanga kila mzigo upande wake na alimwelekeza mwenzake vizuri mno. Nasikia.

Nataka tu kujua kama marobota yamefika, na kama ni kumi na mawili. Ni kwa ajili ya faili.

Mwanao wa ofisini

*

Tarehe 28 Novemba

Mwanangu wa ofisini,

Marahaba, na marahaba ya pili. Goti linapoa likipenda. Cherehani kubwa haijaacha kula uzi, sasa imeanza kula na sindano. Bibi yako hajambo, anasikia vile anavyotaka kusikia. Amesema picha haikondi. Mimi nimechelewa kukujibu kwa sababu nina sare mia mbili za kushona na mikono miwili tu.

Kwanza kabisa, mbona umeacha kupiga simu? Tangu mwezi wa tisa ni barua, barua. Mtu anayejificha nyuma ya barua ana kitu ambacho sauti yake itakitoboa. Nasema tu, mimi si mpelelezi.

Marobota yamefika, kumi na mawili, andika kwenye faili lako. Aliyeyaleta ni bwana mmoja wanamwita Bwana Honi, na jina limemkaa. Alipiga honi toka kona ya benki mpaka mlangoni kwangu, kinyozi wa jirani akashtuka akamnyoa mteja nusu nyusi. Nikampa chai. Debe tupu haliachi kuvuma: kikombe hakijafika nusu alishanieleza safari nzima. Anasema gari lililoharibika si lake, yeye aliitwa kuokoa tu. Anasema dereva wa gari hilo bovu ni mwanamke, mwembamba, amefunga kitambaa cha njano kichwani, na anatoa amri kama mwalimu wa zamu. Alisimama kwenye mvua akiwahesabia vibarua, na aliyerusha robota badala ya kulipokeza alirudishwa alipokeze upya kwa adabu. Nilicheka sana. Nikamwambia masikini aliyemlea.

Maana udereva, mwanangu, nisingeutaka katika ukoo huu mara ya pili. Baba yako, kaka yangu, alikuwa na lori moja, lakini kila kituo cha mafuta nilikuwa na wifi. Wengine niliwajua kwa sura, wengine kwa barua walizoniandikia kuuliza yuko wapi. Na mimi nilikuwa nataka kuwauliza wao. Basi, yameisha hayo.

Kitambaa cha mwaka huu ni kizuri ajabu. Kiwanda kimejirekebisha. Kizito, hakikunjiki, kinang'aa kwa mbali kama kimepakwa mafuta. Nimeshakata robota la kwanza. Shule inafunguliwa wiki ya pili ya Januari, na nikichelewa kamati itampa kazi yule fundi wa stendi, yule anayeshona mifuko ambayo mkono hauingii.

Mwambie huyo dereva hodari avae koti. Nasikia aliloa chapachapa.

Shangazi yako, mwenye macho mawili na miwani

*

Tarehe 17 Desemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Bibi nampa yake. Mimi mzima wa afya. Simu yangu ina matatizo ya kipaza sauti, ndiyo maana. Marobota nimeyaandika kwenye faili. Yule dereva namwonea huruma kama binadamu tu, simjui kwa karibu. Koti analo.

Hapa kumezuka jambo, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwenye lori lile lile kulikuwa na mzigo mwingine: marobota kumi na mawili ya kitambaa cha mapazia, kijani pia, kiwanda kile kile, viroba vyeupe vile vile. Mwenyewe ni hoteli moja ya ghorofa tatu. Hoteli ikapokea marobota yake, ikashonesha haraka haraka, ikatundika mapazia mapya vyumba vyote. Wiki ya kwanza meneja akaona watu wanakusanyika upande wa pili wa barabara kila jioni taa zikiwashwa. Akadhani kuna ajali. Akavuka kwenda kutazama, akageuka, akaiona hoteli yake. Shangazi, kila kitu kilikuwa nje! Mgeni wa chumba namba kumi na nne alikuwa anafanya mazoezi ya viungo na bukta, na watu chini walikuwa wanamhesabia. Muuza karanga alishahamishia biashara yake pale.

Meneja amekuja juu kwa tajiri wetu. Anasema hicho si kitambaa alichonunua, hicho ni kitambaa cha mtoto wa shule. Hakusema hivyo, samahani, mimi ndiye nimesema. Alisema ni chepesi. Na tajiri ana jibu moja tu: dereva aliyauza marobota mazuri pale pale barabarani, akaweka ya hafifu mahali pake. Kwa nini lori lifie mlimani na si penginepo? Kwa nini vibarua wapatikane upesi vile? Dereva amepewa mpaka mwisho wa Januari aeleze kitambaa kilikwenda wapi. Asipoeleza anarudisha ufunguo, na kesi inakwenda polisi.

Sasa, Shangazi, wewe ni fundi, macho yako yanaujua uzi. Hebu kitazame hicho chako kizuri ajabu. Cha mapazia nasikia ni kizito, na kina maua yaliyofumwa humo humo kwa rangi ile ile, huyaoni mpaka uelekeze kwenye mwanga. Tazama tu, kisha uniandikie ndiyo au hapana. Sitaki maelezo. Nimekaa roho juu kwa ajili ya dereva.

Mwanao

*

Tarehe 21 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Niliiweka chini ya pasi isipeperuke, kisha kazi zikanizidi nikaisahau hapo. Usiniulize kama pasi ilikuwa ya moto.

Sisi hatujambo. Bibi amekalia miwani yangu. Shule imefunguliwa na sare mia mbili zilikwenda kwa wakati, na watoto walipojipanga uwanjani, mwanangu, ungelia. Mwalimu mkuu alisema tangu azaliwe hajaona marinda yanayosimama wima namna ile. Wavulana wanateleza kwenye ngazi za mawe kwa makalio, kaptula haina hata mkwaruzo. Mtoto mmoja wa darasa la pili akikaa, sketi yake inakaa baada yake, kwa heshima.

Kisha Jumanne ikanyesha. Watoto wakaloa, na walipoloa wakawa wazito. Nimewaona kwa macho yangu wakirudi nyumbani wameshikilia kaptula kwa mikono miwili kama watu waliobeba ndoo. Sare zimechukua siku tatu kukauka. Siku tatu hizo darasa la pili lilikuwa na watoto saba, na wawili kati yao walivaa za kaka zao wa mwaka juzi. Lakini mvua ni mvua, haina uhusiano na fundi.

Umeuliza habari ya maua. Mwanangu, nguo ni nguo. Taa ya dukani ni hafifu, na miwani nimeshakuambia iko wapi.

Huyo dereva wenu naye asihuzunike kupita kiasi. Kunyang'anywa ufunguo si kufa. Pengine ni heri. Pengine kuna mtu mahali fulani ambaye hapati usingizi mvua ikipiga bati, akiwaza barabara na milima. Na wewe, kama hiyo ofisi inakuumiza mgongo, rudi nyumbani. Chumba chako kipo. Nimetoa ile sanamu ya kuvalishia nguo iliyokuwa inakutisha ukiwa mdogo, na nimepaka rangi ukutani. Cherehani ya pili haina mtu. Kazi ya fundi nayo ni ya kukaa.

Shangazi yako

Bibi ameuliza ofisi yako ina magurudumu mangapi. Nimemwambia nitauliza.

*

Tarehe 27 Januari

Shangazi,

Shikamoo.

Kumi. Mwambie Bibi ni kumi, na moja la akiba.

Dereva ni mimi. Ni mimi niliyekata yale matawi, ni mimi mwenye kitambaa cha njano, na wewe ulijua toka kikombe cha chai cha Bwana Honi, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi miwili. Mwaka wa tatu sasa naendesha. Nilidanganya kwa sababu nilijua utakachosema, na umeshakisema mara tatu, kwa hiyo hapo tumemalizana.

Lakini sikuuza kitu, Shangazi. Naweza kusema uongo juu ya dirisha na kiti, siwezi kuuza mzigo wa mtu. Nilivipanga viroba vile kiwandani kwa mikono yangu: ya hoteli upande wa kushoto kwa dereva, yako upande wa kulia kwa dereva, toka mlangoni mpaka kwenye kichwa cha lori. Tulipofaulisha nilisimama katikati ya milango nikawaambia vibarua pitisheni moja kwa moja, msivukishe, kilichoko upande huu kikae upande huu. Wakafanya hivyo hivyo. Nikamwambia Bwana Honi mara tatu, tena nikamfanya arudie: kushoto kwa dereva hoteli, kulia kwa dereva fundi. Yeye anaapa alishusha kama nilivyomwambia, na namwamini, hana akili ya kutunga. Mimi nilibaki na gari langu siku mbili nikimngoja makanika. Sasa kila nikilala nalipakua lori lile upya, robota moja moja, na kila nikilipakua linatoka sawa. Nimeanza kudhani labda nilipotewa na fahamu pale mlimani.

Tajiri hakungoja mwisho wa mwezi. Ufunguo kauchukua. Ninaosha malori ya wenzangu uani, na wameniita Pazia. Wanaimba kabisa. Kwa kunihurumia kaniongeza siku, mpaka tarehe kumi na tano Februari. Baada ya hapo ni polisi, na hakuna tajiri mwingine atakayempa lori dereva mwenye kesi ya wizi. Hakuna, Shangazi. Hii kazi ndiyo kitu pekee nilichowahi kukifanya ambacho asubuhi naamka nacho kabla ya jogoo.

Kwa hiyo nakuuliza kama mwanao, si kwa ajili ya faili: una maua au huna?

Mwanao

*

Tarehe 5 Februari

Mwanangu Pazia,

Marahaba. Bibi anasema magurudumu kumi ni mengi kwa mtu aliyekonda.

Ninayo. Maua ninayo mia mbili, na yote nimeyageuzia ndani. Niliyaona siku ile ile, Bwana Honi hajatoka hata kona. Nikasema nitayarudisha kesho. Kesho nikakishika kile kitambaa, nikatazama kalenda, nikamfikiria yule fundi wa stendi, na mkasi ukaingia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaoga mpaka robota la kumi na mbili. Basi ukoo huu una waongo wawili, na mmoja ana umri wa kutosha kuona haya.

Hukupotewa na fahamu. Kosa lako nimelitafuta jana na nimelipata, kwa sababu ni kosa la fundi. Mteja akisimama mbele yangu nimpime, kushoto kwake ni kulia kwangu. Asiyelijua hilo hushona mfuko upande wa makosa, na mimi nilimfanyia hivyo bwana harusi mmoja nikiwa mwanafunzi, akaingia kwenye sherehe yake akijipapasa. Malori yenu yalisimama mkia kwa mkia. Moja linatazama juu ya mlima, jingine linatazama chini. Mkapitisha mzigo moja kwa moja, vizuri kabisa, bila kuvukisha. Kushoto kwa dereva wewe kukawa kulia kwa dereva Honi. Kama hukunielewa, simama na mtu mgongo kwa mgongo, kila mmoja ainue mkono wa kushoto.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza. Kamati ya shule ni sababu, lakini ni sababu ndogo. Nilikaa na barua yako ya Desemba nikaona kwamba nikinyamaza tu, bila hata kuinuka kwenye kiti, watakunyang'anya ufunguo na utarudi nyumbani. Nikapaka chumba rangi. Nilikuwa nafurahi, mwanangu, nakuambia ukweli. Nilikuwa naimba na brashi mkononi huku wewe unaitwa mwizi.

Siku kaka yangu alipokuleta hapa ulikuwa na miaka sita na begi moja. Hakuzima injini. Alisema anapeleka mzigo, atarudi Ijumaa. Ulikaa mlangoni Ijumaa ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Ya nne nikafunga mlango, nikakuambia ni kwa sababu ya upepo. Wewe ulisahau, ukaanza kucheza. Mimi ndiye niliyeendelea kungoja miaka yote hii, na nikadhani ninachokichukia ni malori.

Lakini mwizi hakulelewa humu. Mwongo ndiyo, mwizi hapana. Niliposoma kwamba wanakuimba uani sikuweza kumaliza chai.

Leo asubuhi nimevaa gauni la kwendea mahali, nikaenda shuleni, nikaomba mtoto mmoja aitwe mbele ya kamati, nikapindua pindo la sketi yake nikawaonyesha maua. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akatafuta leso. Kamati haikucheka. Kazi ya mwaka ujao wamempa yule wa stendi. Imeniuma, sitakuficha, miaka ishirini na moja nimeishonea shule ile, na wengine wanaovaa leo nilivalisha mama zao. Nilipotoka nje mtoto yule akanifuata akaniomba nimgeuzie sketi, maua yawe nje.

Barua ya tajiri wako iko humu ndani ya bahasha. Ina sahihi yangu na ya mwalimu mkuu, na kipande cha kitambaa nimekibana kwa pini. Nimemweleza habari ya mkia kwa mkia na nimemchorea. Nimemwambia pia mapazia ya hoteli hayahitaji kutupwa, yanahitaji bitana nzito kwa nyuma, na kwamba namjua fundi ambaye ghafla amepata nafasi. Mpe mkononi, usimtume Bwana Honi.

Udereva sikukatazi tena. Wala sikuruhusu, maana hukuomba. Ila nakusihi kitu kimoja, usiniahidi siku.

Shangazi yako

*

Tarehe 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo ya mbio mbio.

Tajiri aliisoma barua yako amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akatoka uani akaamuru malori mawili yarudishwe mkia kwa mkia, akatembea toka hili mpaka lile amenyoosha mikono yake kama mtu anayejifunza kuogelea, kushoto, kulia, kushoto. Mara tatu. Madereva wote tulisimama tukimtazama na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipomaliza akaja kwangu, akaniwekea ufunguo mkononi, akasema lori lina vumbi. Hiyo ndiyo samahani yake, na nimeipokea. Polisi haendi mtu. Sasa amepiga marufuku neno kushoto kazini. Ukifaulisha mzigo unaandika kwa rangi kwenye kila kiroba, hata kama kiko kimoja. Wenzangu wameendelea kuniita Pazia, nimezoea, jina nimeliandika kwenye bamba la mbele.

Meneja wa hoteli amekubali bitana. Mapazia yote yameshushwa, vyumba arobaini na viwili, na kwa sasa madirisha yamefunikwa kwa shuka. Mgeni wa chumba namba kumi na nne amehama. Anasema hoteli imepoa.

Mapazia hayo ninayo mimi. Tajiri aliuliza nani atampelekea fundi, na kabla Bwana Honi hajafungua mdomo nilikuwa nimeshapanda. Sikukuandikia kwamba naja, kwa sababu uliniomba nisikuahidi siku, na kwa hiyo sijachelewa.

Niko nje ya duka lako. Naandika juu ya usukani. Namwona Bibi dirishani, na yeye ananiona, ameshanipungia mkono mara mbili na anahesabu magurudumu kwa kidole. Wewe umeinamia cherehani, ina kelele kuliko gari langu. Nimeteremka milima kwa gia moja na tope mpaka magotini, Shangazi, lakini kushuka ngazi mbili za lori hili mbele yako kumenishinda. Nina robo saa nzima hapa nimeshika mlango. Injini nimeizima toka nilipofika. Barua hii nampa mteja wako aliyekuja kupunguza suruali, akuwekee juu ya meza.

Toka uone nilivyoegesha. Njoo upesi kidogo, maana nusu ya lori iko barabarani na gari la takataka nyuma yangu limeanza kulalamika.

Mwanao